Kusubiri Jina la Maradhi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini huko Rhotia, wilayani Karatu. Tunaichapa ili na wasomaji wa mahali pengine wapate faida.)



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad s.a.w., pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Leo tunakusudia kusema juu ya mgonjwa ambaye maradhi yake hayajapata jina. Tumezoea kumzuru mgonjwa wa malaria na aliyevunjika mguu, nasi twajua la kumwambia. Lakini yupo mgonjwa ambaye akiulizwa, "Unaumwa nini?" hana jibu ila kusema, "Wanasema huenda ni maradhi fulani, lakini bado hawajathibitisha." Mgonjwa huyu hatumjui namna ya kumtendea. Mara nyingi tunamwongezea mzigo, nasi tunadhani tunamsaidia.

Tunasema hivi kwa sababu yametufika sisi wenyewe.

Kisa cha dada yetu

Yupo dada yetu mmoja katika jamaa hii. Kwa idhini yake tunasimulia habari yake, ila jina lake hatutalitaja. Ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na umri wake haujafika miaka thelathini.

Asubuhi moja jicho lake la kulia lilianza kuuma kila alipoligeuza, na rangi zikafifia. Uzi mwekundu ukawa kama wa kahawia. Alipewa dawa ya kudondoshea, na baada ya wiki tano hivi jicho likarudi. Tukasema Alhamdulillahi, tukasahau.

Ikapita miezi minane. Ganzi ikaanza nyayoni, ikapanda hadi kiunoni. Alihisi kama amefungwa mkanda mbavuni ambao hakuna awezaye kuulegeza. Aliposimama kuswali na kuinamisha kichwa kutazama mahali pa kusujudia, kitu mfano wa umeme kilimshuka mgongoni mpaka miguuni. Alichoka uchovu usioondoka kwa usingizi. Alianza kuyumba njiani, akawa anashika kuta.

Hapo ndipo sisi tulipokosea. Kwanza tulisema ni mvivu, kwa kuwa aliacha kuja darasani na kuzisuka nywele za binti yake. Kisha, kwa sababu ya kuyumba, kuna aliyesema kwamba anakunywa pombe kwa siri. Neno hilo lilitoka kinywa hadi kinywa, likafika masikioni mwa mumewe, naye akaanza kuwaza kumrudisha kwao. Wengine wakasema ni jini. Wakamfunika blanketi juu ya chungu cha maji yanayochemka, wakamfukiza nyungu muda mrefu. Alipofunuliwa hakuweza kusimama wala kuona vizuri, nao wakafurahi wakisema, "Mnaona? Jini limekubali." Mtamba aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya ada ya shule akauzwa ili mganga alipwe.

Mwishowe shemeji yake alimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Daktari alimwambia, "Nieleze tangu mwanzo, usiache kitu." Alipomaliza kueleza habari za miguu, daktari akamwuliza kama amewahi kupata taabu ya macho. Yeye hakuwa amefikiri kwamba jicho na miguu vinaweza kuwa habari moja. Akapelekwa Arusha kupigwa picha ya mashine ya MRI. Picha ilionyesha makovu machache. Daktari akasema, "Huenda ni maradhi yanayoitwa maltipo sklerosisi. Lakini siwezi kukuhukumia leo. Tutapima damu kuondoa maradhi mengine, na baada ya miezi sita tutapiga picha nyingine."

Ndugu zangu, hadi tunaposimama hapa bado tunasubiri.

Maradhi yenyewe ni nini?

Maltipo sklerosisi, ambayo kwa kifupi huitwa MS, maana yake ni makovu mahali pengi. Mishipa ya fahamu iliyomo katika ubongo na uti wa mgongo imevikwa ala ya mafuta, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira. Katika maradhi haya askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, huigeukia ala hiyo na kuila. Ala ikichubuka, habari hazisafiri vizuri, au hazifiki kabisa. Likichubuka panapohusu jicho, jicho hufifia. Likichubuka panapohusu miguu, miguu hufa ganzi. Ndiyo sababu taabu zake hutofautiana kwa kila mgonjwa, na ndiyo sababu wengi huambiwa wanajisingizia.

Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeyaeleza maradhi haya kwa mpango mwaka 1868. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi nayo. Wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume, na wengi hugunduliwa wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, yaani umri wa kulea na kutafuta riziki. Kwa wengi huja kama pigo, kisha hupoa kwa wiki au miezi, halafu huenda likaja pigo jingine.

Maradhi haya yameenea zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, kama zile za Ulaya ya kaskazini. Kwetu ni machache, lakini si kwamba hayapo. Mwaka 1989 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapa makala juu ya wagonjwa wake nchini Kenya. Na kwa kuwa ni machache, daktari wa zahanati anaweza kumaliza miaka mingi ya kazi asikutane nayo hata mara moja.

Yafaa tuyajue na haya: hayaambukizi, wala hayamzuii mwanamke kuzaa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10 wa Marekani, ulionyesha kwamba hutanguliwa na maambukizi ya virusi viitwavyo Epstein-Barr. Lakini virusi hivyo karibu kila mtu huvipata maishani mwake, na walio wengi hawapati MS kamwe. Basi hakuna wa kulaumiwa, si mgonjwa, si mama yake, wala si jirani yake.

Mashahidi wawili

Wengine wameuliza: Kwa nini daktari asiseme tu? Malaria hupimwa kwa tone la damu, na jibu hutoka kwa muda wa dakika 15 au 20. Kwa nini hili lichukue miezi?

Jawabu ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha MS kinachosema ndiyo au siyo. Daktari hukusanya ushahidi kama kadhi. Mwaka 2001 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Ian McDonald iliweka kanuni ambazo zimekuwa zikirekebishwa tangu hapo. Msingi wake ni huu: lazima madhara yaonekane mahali zaidi ya pamoja katika ubongo, uti wa mgongo au mshipa wa jicho, na lazima yaonekane kuwa yametokea nyakati zaidi ya moja. Kwa lugha yetu, wanatakiwa mashahidi wawili, shahidi wa mahali na shahidi wa wakati. Na juu ya hayo daktari lazima ahakikishe kwamba hakuna maradhi mengine yanayoeleza hali ile vizuri zaidi.

Marekebisho ya mwaka 2017 yaliruhusu maji ya uti wa mgongo, yakionyesha alama maalumu, yasimame mahali pa shahidi wa wakati. Marekebisho ya mwaka 2024 yamerahisisha zaidi kwa baadhi ya wagonjwa. Hata hivyo vipimo hivyo huhitaji mashine na maabara ambazo hazipatikani kila mahali. Hapo husubiriwa muda wenyewe utoe ushahidi. Na muda haushindwi kwa fedha wala kwa hasira. Tena wapo wanaopata pigo moja tu, nalo halirudi tena katika maisha yao yote. Mtu kama huyo akitiwa jina kwa haraka, atakuwa amebebeshwa mzigo usio wake.

Haraka ina hatari nyingine pia. Yapo maradhi mengi yanayofanana na haya. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hulegeza miguu. Kaswende, VVU na upungufu wa vitamini B12 vinaweza kufanya vivyo hivyo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wengi wilayani Tarime, mkoani Mara, hasa watoto na wanawake, walipooza miguu ghafla. Madaktari waliofanya uchunguzi, akiwemo Dkt. William Howlett wa KCMC Moshi, walionyesha kwamba sababu ilikuwa mihogo michungu iliyoliwa bila kuandaliwa vya kutosha. Maradhi hayo huitwa konzo. Aliyekimbilia kusema ni uchawi alikosea, na anayekimbilia leo kusema ni MS anaweza kukosea.

Yapo pia maradhi ya pili, ndugu wa MS, ambayo hushambulia zaidi mishipa ya macho na uti wa mgongo. Kipimo chake cha damu kilipatikana baada ya ugunduzi wa mwaka 2004. Baadhi ya dawa zinazomfaa mgonjwa wa MS humzidishia madhara mwenye maradhi hayo. Basi daktari anaposema, "Tusubiri kipimo," anamkinga mgonjwa.

Ndugu zangu, tazameni tofauti. Daktari mwenye elimu na mashine alikataa kutoa hukumu mpaka apate mashahidi. Sisi tusio na elimu hiyo tulitoa hukumu tatu kwa wiki moja: mvivu, mlevi, mwenye jini. Na dini yetu imetufundisha jinsi lilivyo zito kosa la kumsingizia mwanamke mwenye heshima jambo lisilo na mashahidi! Tulipaswa sisi kuwa wa kwanza kujizuia.

Hatari za kipindi cha kusubiri

Kusubiri ni kugumu. Mwenye jibu baya hulia, kisha hupanga mambo yake. Asiye na jibu hawezi hata kulia sawasawa. Kila asubuhi anajipima miguu kabla hajashuka kitandani. Kwa sababu hiyo yeyote anayeahidi kuumaliza muda ule humvuta.

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, katika wilaya jirani ya Ngorongoro, maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, ambaye alifariki mwaka 2021. Misururu ya magari ilienea kilomita nyingi. Waislamu kwa Wakristo walipanga foleni moja. Hatusemi haya kwa kumcheka mtu, kwani aliyekwenda alikuwa na maumivu. Ila wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa, na baadhi yao walipoteza maisha. Kikombe kile kilipendwa kwa sababu hakikuuliza jina la maradhi. Hakikuhitaji kipimo, wala kurudi baada ya miezi sita. Kilimaliza kusubiri kwa dakika moja.

Na hirizi zinazouzwa mitaani hufanya kazi ile ile. Humpa mtu jibu la haraka, kisha humwacha pale pale alipokuwa, akiwa amepungukiwa na ng'ombe.

Kuhusu nyungu, yafaa mjue jambo hili. Mishipa iliyochubuka haivumilii joto. Mwili ukipata joto, iwe kwa homa, jua au mvuke, taabu za mgonjwa huzidi kwa muda, na ukipoa hurudi zilivyokuwa. Basi dada yetu alipotoka kwenye blanketi hawezi kusimama, hapakuwa na jini lililokubali. Lilikuwa joto. Tulimtesa na kuyaita mateso yale dalili ya kupona. Mwenyezi Mungu atusamehe.

Subira ya Nabii Yaakub

Huenda mtu akasema: Basi tukae tu, tuseme ni majaliwa? Hapana. Hebu tuitazame habari ya Nabii Yaakub a.s. Alimpoteza mwanawe Yusuf a.s., naye hakuwa na uhakika kama yu hai. Alisubiri miaka mingi. Alihuzunika mpaka macho yake yakaharibika kwa huzuni. Huzuni yake haikuhesabiwa kuwa ni upungufu wa imani, kwa kuwa alimlalamikia Mola wake na hakumkufuru. Lakini tena, katika huzuni ile ile, aliwaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu.

Hiyo ndiyo subira, kuhuzunika bila kukufuru na kusubiri huku unatafuta. Mtukufu Mtume s.a.w. ametufunza kutafuta dawa. Kwenda hospitali ni katika kumtegemea Mungu, kama vile kumfunga ngamia kabla ya kutawakali.

Na milango ya kutafuta ipo karibu kuliko tulivyodhani. Karatu ipo hospitali ya FAME, ambako kwa zaidi ya miaka kumi madaktari wa mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Marekani, wakiongozwa na Dkt. Michael Rubenstein, wamekuwa wakija kwa vipindi kufanya kazi pamoja na matabibu wetu, na kufika hata vijijini kama Kambi ya Simba. Dawa nazo zimesonga mbele. Dawa ya kwanza ya kupunguza mapigo ya MS ilikubaliwa Marekani mwaka 1993. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu. Hazijafika kwa urahisi kila mahali, na hazifuti makovu ya zamani. Lakini kadiri mtu anavyoanza mapema baada ya kuthibitika, ndivyo anavyohifadhi zaidi nguvu zake. Kwa hiyo kusubiri bila kufuatilia ni hasara.

Wajibu wetu

Kwanza, tuzuie ndimi zetu. Maradhi yasiyo na jina tusiyape jina. Anayeyumba mchana njiani apewe mkono kwanza, kabla ya kuulizwa lolote.

Pili, tuache kumwuliza kila siku, "Wamesemaje?" Swali hilo humrudisha kila mara mahali pa maumivu. Tumwulize, "Leo kazi gani tukusaidie?" Tumchotee maji na kumpelekea mtoto shule.

Tatu, tumsaidie kutunza daftari. Aandike tarehe ya kila taabu mpya, ilianza lini, ilidumu siku ngapi, iliisha vipi. Tumesema kwamba wakati ni shahidi. Daftari ndilo linalohifadhi maneno ya shahidi huyo. Kama habari ya jicho ingeandikwa, huenda tusingeupoteza muda tulioupoteza.

Nne, tumchangie safari. Kutoka hapa mpaka Arusha ni zaidi ya kilomita 120, na nauli, picha na malazi si mzigo wa nyumba moja. Wala asiende peke yake. Mgonjwa mwenye hofu husikia nusu tu ya maneno ya daktari.

Tano, tumrahisishie ibada. Dini imemruhusu mgonjwa kuswali amekaa, au amelala ikibidi, na kuacha funga akalipa siku nyingine. Asiyeweza kuzuia mkojo anayo ruhusa yake katika sheria. Mama zetu wamweleze kwa upole, kwani wengi huacha kuja msikitini kwa aibu hiyo tu. Tumwekee nafasi karibu na mlango, penye hewa.

Sita, wanaume mlio na wake katika hali hii, msiwe wa kwanza kukimbia. Mume wa dada yetu ametuomba tuseme kwamba alikaribia kukosea, na kwamba leo yeye ndiye anayelishika daftari.

Saba, kusubiri kusituzuie kuona hatari. Jicho likizimika, miguu ikishindwa ghafla, au mkojo ukikataa kutoka, ni hospitali siku ile ile.

Ndugu zangu, hatujui picha ya pili itasema nini. Pengine itakuwa MS, pengine maradhi mengine yenye dawa nyepesi, na pengine halitakuja pigo jingine kabisa. Vyovyote itakavyokuwa, dada yetu asije akasema kwamba alipokuwa anasubiri, sisi hatukuwapo.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wale ambao maradhi yao tunayajua na wale ambao maradhi yao unayajua Wewe peke yako. Wape madaktari wetu maarifa na uangalifu. Tusamehe kwa maneno tuliyoyasema bila elimu, na utujaalie subira inayotafuta. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuhu.